Maji ya Nyar Loka

Watu wa Kawangware walimbandika Jeconia jina la Nuhu siku ile aliyoingia na boti. Wanaume wa mikokoteni walikuwa wameunganisha mikokoteni miwili kwa kamba, boti imelazwa juu yake kifudifudi, na yeye akitembea kando, mkono juu ya ubao, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Kila waliposimama kupumua palikuwa na mtu wa kuuliza. Bahari imehamia Riruta? Meli inashusha abiria stage gani? Mama mmoja wa mboga alitaka tu kujua mvua ni lini, aanue nguo mapema. Jeconia aliwajibu wote, mmoja mmoja, na yule mama wa mboga alimjibu kwamba amemwekea kiti safinani, karibu na twiga. Alikuwa mtu wa maneno, siku hizo.

Boti yenyewe ilitoka bwawani, chini ya Kibera. Jeconia alikuja Nairobi akiwa kijana kutoka Uyoma, kando ya ziwa, akapanga chumba Mashimoni. Bwawa wakati huo lilikuwa na maji ya kweli, na ng'ambo yake wenye nafasi walikuwa na boti za matanga za kushindana Jumapili. Alichukuliwa kupaka rangi. Haikupita muda akawa ndiye anayeachiwa kazi ya chini, ile ambayo hakuna aliyeitaka: kupindua boti, kukwangua utelezi na magamba ya rangi kuukuu, kukagua mkuku. Mkuku ni ule mti mmoja mnene unaopita chini kutoka mbele hadi nyuma, na mbavu zote za boti huanzia hapo. Jeconia aliugonga kwa nyundo ya mbao, shubiri baada ya shubiri, sikio karibu. Alijua mahali maji hujificha: pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, na kuzunguka bolti, ambako kutu hula mti huku nje ukiwa bado una sura nzuri.

Kisha likaja gugu-maji, na nyuma yake uchafu wote wa mitaa ya juu, hadi bwawa likawa kijani kiasi kwamba mgeni angedhani ni shamba la sukuma. Boti zikauzwa, wenyewe wakatawanyika. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia Jeconia ile kuukuu kuliko zote, ya mbao tupu, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekuwa amewahi kulishughulikia tumbo lake. Jeconia akaipa jina, maana huko ziwani boti hupewa jina la mwanamke na huulizwa hali kama mtu. Aliiita Nyar Loka, binti wa ng'ambo.

"Baba Brandon," mkewe Caren alimwambia, "kumbe umeoa na hukuniambia."

"Huyu hali chakula chako," Jeconia akasema. "Huyu ni maji tu."

Kwa miaka mingi Nyar Loka alikaa chini ya mabati kwenye ploti ya mtu aitwaye Kimotho, nyuma ya benchi ambapo Jeconia alitengeneza vitanda na kabati. Pembeni palikuwa na kibanda cha Wakoli, fundi wa kunyoosha bodi za magari, Mbukusu mwenye kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Hao wawili walitaniana tangu asubuhi. Wakoli alisema watu wa ziwa hujenga vitu vikubwa kuliko barabara za kuvipitishia. Jeconia alisema anajua watu ambao wakiona maji mengi hufikiria tu sufuria ya ugali. Lakini Wakoli alipofiwa na mama yake, ni Jeconia aliyechonga jeneza, na alikataa kupokea chochote, hata chai.

Jambo alilolitaka Jeconia lilikuwa moja, na kila aliyemjua alilijua. Alitaka kurudi Uyoma kwa Nyar Loka, tanga juu, ashuke ufukweni kwa baba yake mbele ya watu wake. Ile ilikuwa nyumba ya waunda boti. Yeye aliiacha kabla ya kumaliza kujifunza, kijana mwenye haraka, na baba yake alikufa akisema kwamba huyo ataishia kuwatengenezea watu vitanda. Vitanda alikuwa ametengeneza, tena vingi. Hakutaka viwe ndiyo habari yake yote.

Kwa hivyo Kimotho alipotangaza kwamba anajenga ghorofa, na kila kitu kiondoke ifikapo mwisho wa mwezi, Jeconia hakununa. Alipatana na mwenye lori la kwenda Kisumu kuwahamisha, yeye, Caren na boti. Kutoka Kisumu angepita majini. Akampindua Nyar Loka na kuanza kazi ya chini. Alikwangua rangi hadi kwenye mti. Alitoa bolti za mkuku, ambazo kutu ilikuwa imezila katikati zikabaki nyembamba kama misumari, akatia mpya. Mkuku ulikuwa mzima. Shida ilikuwa mishono kati ya mbao. Mbao zilizokaa kavu muda wote huo, kwenye joto la mabati, zilikuwa zimenywea hadi ungeweza kupenyeza shilingi katikati yake.

Caren alimwuliza kwa nini asizibe tu. Jeconia akaweka patasi chini, akamweleza. Kwenye mshono unatia pamba, si nyingi, na juu yake chokaa na mafuta vilivyokandwa vikawa laini, kitu kinachokubali kubanwa. Baada ya hapo unamnywesha: maji ndani, magunia mabichi nje, asubuhi na jioni, polepole. Ubao unanenepa, unabana pamba, mshono unajifunga wenyewe. Ubao ukinyimwa nafasi ya kunenepa utajitafutia. Caren alilishika lile la maji. Hilo lilikuwa la mikono yake. Lile la pamba lilikuwa la mumewe.

Jeconia alikuwa kwenye mshono wa pili alipoanguka, pamba mkononi.

Kiharusi kilimwua mkono wa kulia, kikamlegeza mguu, kikaondoka na maneno. Si kwamba hakuelewa. Alielewa kila kitu, hata minong'ono ya wauguzi. Lakini alipofungua mdomo lilitoka neno moja, lile lile, awe anaomba uji au anakataa dawa: "sawa." Alipopewa kalamu katika mkono wa kushoto alichora nyuzi zilizosokotana. Daktari alimwambia Caren asimsumbue kwa maswali. Wagonjwa wa namna hii, alisema, hukasirika na kulia bila sababu. Avumilie tu.

Wakati Jeconia akiwa wodini, Wakoli alihesabu siku zilizobaki za notisi ya Kimotho, akatazama boti iliyoachwa nusu, akawaambia wateja wake wangoje. Alifanya kile ambacho mikono yake ilikijua. Ile pamba kidogo aliyoikuta aliichokoa, maana aliiona kama uchafu. Kila mshono akaujaza fila, ule udongo wa kopo unaochanganywa na dawa ya kugandisha, ambao maisha yake yote alikuwa ameutumia kurudishia sura milango ya magari iliyobonyea. Fila ikikauka ni jiwe. Alipiga msasa mkavu, akapiga msasa wa maji, akapuliza rangi ya buluu ya gari, tabaka juu ya tabaka. Kisha akaita watu waje waone.

Siku Jeconia alipoletwa kwenye ploti na kuketishwa kwenye kiti cha plastiki, Wakoli alivuta turubai kama mwenye duka.

"Jaduong', mzee wangu, shika hapo. Wewe shika tu. Ni kama kioo ama si kama kioo?"

Jeconia alinyoosha mkono wa kushoto. Kidole chake kilitafuta mshono kisiupate. Akarudia. Akakwaruza kwa ukucha, na ukucha ukateleza juu ya kitu kisichobonyea. Hapo akajua. Aliuona mshono wote kutoka mbele hadi nyuma, umeshibishwa jiwe, na mbao pande zote mbili zikiwa na kiu. Alitaka kusema, toa. Toa yote, chukua patasi, bado kuna muda.

"Sawa," ulimi wake ukasema. "Sawa, sawa, sawa."

Machozi yakamtoka. Wakoli, aliyeona mtu analia kwa shukrani, naye akafuta macho kwa mkono wenye rangi. "Wacha, mzee. Hii ni kitu gani? Na ile ya mamangu ulinifanyia ilikuwa nini?"

Jioni hiyo Wakoli aliwakusanya watu wakamgeuza Nyar Loka, wakamsimamisha juu ya magogo, mkuku chini. Kesho yake Caren alifika na majerikeni kutoka kwa kioski cha maji.

Alikuwa na sababu yake. Tangu hospitali alikuwa mtu wa kungoja: kungoja daktari, kungoja dawa, kungoja mume wake aseme neno la pili. Hapa palikuwa na kazi aliyofundishwa na Jeconia mwenyewe, kwa mdomo wake alipokuwa bado nao, na angeifanya kama alivyoambiwa. Alilowesha magunia, akayabandika nje, ubavuni pande zote. Alimimina maji ndani, jerikeni baada ya jerikeni, bila pupa. Hakuna tone lililotoka chini. Wakoli alipiga magoti, akatazama, akapitisha kiganja, akasimama akicheka kwa sauti, na kuwaambia wapita njia kwamba hata meli za serikali huvuja kuliko hii.

Jeconia alitikisa kichwa. Caren aliona, akainama kwake.

"Usinionee huruma, Baba Brandon. Sichoki. Si ulisema ni polepole?"

Alitikisa kichwa kwa nguvu zaidi. Caren akampapasa shavu. Alipoleta jerikeni karibu na kiti, Jeconia aliisukuma kwa mguu ulio mzima, ikaanguka, maji yakatambaa kwenye vumbi. Caren aliiokota. Daktari alikuwa ameshamwambia kuhusu hasira. Akarudi kioski.

Siku zilizofuata Jeconia alijaribu kila alichokuwa nacho. Alichukua fimbo yake ya kutembelea akagonga ubao, akaelekeza fimbo kwenye maji, akagonga tena. Wakoli alifurahi kumwona akikagua kazi kama zamani. Alikwaruza rangi kwa kucha hadi zikakatika, na Wakoli, bila kinyongo, alikuja na kopo akaziba mikwaruzo. Aliwaza kwamba kungekuwa na mtu mmoja tu kutoka Uyoma, mmoja, hata mtoto, angepita akaona fila ile na maji yale pamoja, na angepiga kelele. Lakini kila mtu aliyepita Kawangware alisimama, akasifu, akaenda zake. Jeconia aliketi katikati ya watu wawili waliompenda, mmoja akijaza na mwingine akinywesha, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekosea alichofundishwa.

Mara moja alishinda. Nyuma ya boti, karibu na mkuku, palikuwa na tundu la kutolea maji lenye kizibo cha mti. Caren alipokwenda kununua dawa, Jeconia alijiburuza na kiti chake, akainama hadi shingo ikamwuma, akashika kizibo kwa vidole vya kushoto, akakizungusha. Kilitoka. Maji yalimlowesha miguu yote, na aliyaacha yamloweshe. Alikaa pale akiyasikia yakipungua ndani, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali alisinzia kwenye kiti.

Aliamshwa na nyundo. Caren alikuwa amepiga magoti, akikigongomea kizibo ndani kwa nguvu zake zote, akilalamika kuhusu watoto wa ploti wasiojua kuheshimu mali ya mgonjwa. Alikigonga hadi kikalingana na ubao. Kisha akajaza upya, na kwa sababu muda ulipotea akaongeza jerikeni.

Baada ya hapo Jeconia aliacha kupambana. Alisikiliza. Mwanzoni ilikuwa milio midogo, kama mtu anayevunja njiti za kiberiti mbali. Caren alisema Nyar Loka anakunywa, unamsikia? Jeconia alimsikia. Kila mlio aliujua mahali pake. Huo ni ubavu wa mbele. Huo ni msumari unaonyanyuka. Mbao zilikuwa zikinenepa na kukuta mshono umekataa, na sasa zilikuwa zikisukumana zenyewe kwa zenyewe kuelekea pembeni, na pembeni kulikuwa na mbavu, na mbavu zilikuwa zimezeeka. Alijua zingechoka lini. Hakuwa na wa kumwambia.

Zilichoka adhuhuri, lori likiwa linangojewa kesho yake. Wakoli alikuwa ndani ya kibanda, Caren akiweka gunia. Ulitoka mlio mmoja mzito, kama mlango mkubwa uliofungwa na upepo, na ubao wa kwanza, ule unaokaa juu ya mkuku, ukabanduka kutoka katikati hadi nyuma. Maji yote yaliteremka kwa pamoja. Yalipita chini ya kiti cha Jeconia na kwenda hadi barabarani, na wanawake wa mboga wakanyanyua vikapu vyao wakicheka, wakidhani ni bomba.

Caren alisimama na gunia mkononi, hasogei. Wakoli alitoka, akaona. Alipiga magoti kwenye tope akaingiza mkono mahali palipofunguka. Alitoa kipande cha fila. Kilikuwa kimetoka kizima, kirefu, chenye umbo la mshono, bila ufa hata mmoja. Alikigeuzageuza mkononi. Alichungulia ndani akaona mbavu zilivyokatika, zote kuelekea upande mmoja. Alikuwa fundi, na hakuhitaji kuambiwa mara mbili na kitu kilicho mkononi mwake.

"Mbao imefura," akasema polepole. "Chuma ya gari haifuri."

Kisha akamwinulia Jeconia uso.

"Jaduong'. Wewe ulijua?"

Jeconia hakuuamini ulimi wake, akauacha umefungwa. Alikitikisa kichwa: kushoto, kulia, mara moja, bila kutetemeka. Akainua bega lililo hai kama mtu anayesema mti ni wa zamani, nani angejua. Tangu aanguke hakuna ishara yake hata moja iliyokuwa imefika ilikotumwa. Hii ilifika. Wakoli alishusha pumzi, mabega yake mapana yakalegea, na akasema kumbe ni uzee tu, hata jaduong' mwenyewe hangeweza kuona. Alirudia maneno hayo kwa kila aliyekuja kutazama.

Caren hakurudia chochote. Alikuwa akitazama mkono wa kushoto wa mumewe, kucha zilizokatika zenye buluu ndani yake, kisha kizibo alichokigongomea yeye mwenyewe, kisha majerikeni. Aliyatazama hayo kwa mpangilio huo, na alipomaliza aliketi kwenye tope kando ya kiti.

Kimotho hakuwa mtu mbaya. Alisema pole, akasema pia kwamba mashine ya kuchimba ilikuwa imeshalipiwa. Vijana wake walimvunja Nyar Loka asubuhi iliyofuata kwa mitaimbo, na mbao zilitoka kwa urahisi kwani zilikuwa zimejiachia nusu. Ulibaki mkuku peke yake juu ya magogo, mrefu, mweusi, bolti mpya zikimeta. Mashine ya kuchimba ilikuwa imeziba nusu ya njia ya kutokea ploti, na mkuku ulikuwa mrefu kuliko kona iliyobaki. Kijana mmoja akaleta msumeno, akapima katikati kwa macho, akamwuliza Wakoli kama akate hapo.

Jeconia aliinua mkono. Huko kwao mkuku mzima haukatwi. Boti ikifa, mkuku hutolewa, na boti nyingine huundwa juu yake, ikaendelea kuitwa jina lile lile. Wakoli aliuona mkono, akasema kwa huzuni kwamba mzee ameruhusu.

"Ngojeni," Caren akasema.

Wote walimtazama. Alichuchumaa mbele ya kiti, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza mumewe kwa Kijaluo kama wakate. Halafu, badala ya kujijibia, alingoja. Vijana walihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ulimi wa Jeconia ulisema sawa, na Caren hakuusikiliza. Aliungoja mkono. Ulikuwa unafunga na kufungua, na hakuweza kusoma humo neno lolote. Alichojua ni kwamba mara zote alizokuwa na uhakika alikuwa amekosea.

"Hamkati," akasema. "Sijui ni kwa nini. Lakini hamkati."

Waliupitisha juu ya ukuta, watu wanane, Wakoli akibeba sehemu nzito. Lori lilipakiwa vitanda viwili, meza, sufuria, magodoro, na juu ya vyote mkuku, umetokeza nyuma kama mti wa umeme. Uyoma hapakuwa na aliyebaki wa kuunda juu yake. Kaka zake Jeconia walikuwa wamekufa, watoto wao walikuwa mafundi wa simu na walimu, na yeye alikuwa na mkono mmoja na hakuwa na namna ya kumwonyesha mtu mwingine mahali pa kuanzia. Alilijua hilo alipokuwa akiinuliwa kukaa mbele kando ya dereva. Caren naye alilijua, au alijua kiasi cha kutosha, na alimfunika magoti kwa shuka.

Nyuma, Wakoli alikuwa akifunga kitambaa chekundu kwenye ncha iliyotokeza, ili magari yaione. Alivuta fundo kuona kama limekaza. Akalivuta tena. Dereva alikuwa ameshawasha gari, na bado alikuwa pale akilivuta.